Nani Atamwogesha Babu?

Mwezi wa Agosti mwaka 2019, wakati upepo wa Dodoma unapoliingiza vumbi hata kwenye sufuria iliyofunikwa, balozi wa nyumba kumi alinijia akaniambia kwamba pembezoni mwa kata yetu kuna mzee aliyepatwa na kiharusi, naye anakataa kuogeshwa. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba tukiuliza nani anakohoa, nani ni mjamzito, nani ameacha dawa za shinikizo la damu, na pale inapowezekana kuwafundisha ndugu namna ya kumgeuza mgonjwa aliyelala ili asipate vidonda vya mgongo. Nilidhani nimeitwa kwa jambo la kawaida. Wazee wengi hukataa kuogeshwa siku za mwanzo, kwa sababu mtu aliyejimudu kwa miaka sabini haoni vyema kuvuliwa nguo na vijana aliowaona wakizaliwa.

Nitamwita Babu, kama nilivyomwita kila siku nilipomwamkia, na mambo kadhaa ya maisha yake nimeyabadili ili asitambulike hata sasa akiwa kaburini. Alikuwa fundi baiskeli. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikaa chini ya mwarobaini uleule, akiwa na pampu, beseni la maji la kutafutia pancha na kopo la gundi, na watoto wa mtaa walijifunza kuendesha kwa baiskeli alizowaazima jioni kabla wenyewe hawajazifuata. Hakuoa. Watu walisema pengine aliumizwa na mwanamke ujanani, maana watu hawapendi kuliacha jambo bila maelezo, na yeye hakuwahi kuwakanusha.

Nilipofika niliwakuta vijana wawili wa jirani, wenye nia njema kabisa, wamesimama na ndoo ya maji ya uvuguvugu. Babu alikuwa amelikamata shuka kwa mkono wa kushoto, mkono pekee uliobaki na nguvu, amelivuta hadi kidevuni. Vijana walinieleza kwamba kiharusi kimemharibu akili, kwa kuwa hata harufu imeanza na bado hataki kusaidiwa. Niliwaomba watoke. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamwuliza kama angependa nimwogeshe mimi. Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha, kwa maneno yaliyotoka kwa shida kwa sababu upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea, akaniambia nifunge komeo.

Chini ya shati alikuwa amejifunga kifua kwa kipande kirefu cha shuka, kimezungushwa mara nyingi na kubanwa kwa pini mbili. Mwili uliokuwa chini ya kitambaa kile ulikuwa mwili wa kike. Alizaliwa katika kijiji kimoja upande wa Mpwapwa, akapewa jina la kike, akalelewa pamoja na dada zake, na alipofika miaka ishirini na kitu aliondoka, akavaa suruali, akajipa jina la mjomba wake marehemu, akaingia mjini akiwa mwanaume. Ndivyo alivyoishi hadi siku hiyo. "Umeona, mjukuu wangu," akaniambia. "Sasa utafanyaje?" Nilimjibu kwamba maji yamepoa, kwa hiyo nitayarudisha jikoni kwanza.

Nimeulizwa na wenzangu wachache wanaoijua habari hii kwa nini sikushtuka. Nilishtuka. Lakini mgonjwa alikuwa na siku tano bila kuoga, ngozi ya kiunoni ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na mtu aliye katika hali hiyo hahitaji kwanza kujua mhudumu wake ana maoni gani.

Neno transijenda nililisikia baadaye. Hutumika kwa mtu anayejitambua ndani ya nafsi yake kuwa wa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa, awe amewahi kutumia dawa au kufanyiwa upasuaji au la. Babu hakuwahi kulitumia, wala hakuwahi kumeza kidonge chochote cha kumbadilisha. Alisema tu kwamba yeye ni mwanaume. Niliwahi kumwuliza kama ni huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kike waziwazi wala ya kiume waziwazi, kwa sababu hilo ndilo jambo pekee la aina hii nililokuwa nimelisikia kwa masheikh na kwa wakunga. Akasema hapana, mwili wake ulikuwa kama wa dada zake, ila yeye hakuwa dada.

Nimefikiri sana jinsi lugha yetu ilivyomsitiri kwa miaka yote hiyo. Kiswahili hakina kiwakilishi cha mwanamke na kingine cha mwanaume; anakuja, anaondoka, anaumwa, yote husemwa vilevile kwa kila mtu, na Kigogo, lugha ya mama yake, kina tabia hiyo hiyo. Shikamoo haiulizi jinsi. Hata neno mzee lenyewe linaweza kumbeba yeyote mwenye mvi. Mtu anayejitegemea, anayelipa kodi ya chumba chake na kuoga peke yake alfajiri, anaweza kuishi ndani ya sitara hiyo hadi uzeeni. Inayomfichua ni siku asiyoweza tena kufunga vifungo vyake mwenyewe. Ndiyo maana naamini kwamba watu wa aina ya Babu hawawezi kuzungumziwa kwa habari za vijana na mabishano yao peke yake, kwa sababu wapo waliozeeka, na uzee kwao una hofu ya ziada ambayo mimi, katika miaka yangu yote ya kupita nyumba kwa nyumba, sikuwahi kufundishwa kuitambua.

Kazi yenyewe ya kumtunza ilihitaji maarifa ambayo nililazimika kuyapata nikiwa njiani. Kitambaa cha kifuani kilikuwa kimechubua ngozi chini ya makwapa kwa miaka mingi, na sasa, kwa kuwa alikuwa amelala muda wote, kilimzuia kupumua vizuri, jambo la hatari kwa mgonjwa wa kiharusi ambaye mapafu yake hushambuliwa kwa urahisi na nimonia. Nilipomwambia kitambaa kitoke alilia, na ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akilia. Tulijadiliana kwa siku mbili. Hatimaye tulikubaliana kwamba nimtafutie singlendi mbili nzito, zivaliwe moja juu ya nyingine chini ya shati pana, na kwamba kila mgeni atakapobisha hodi nimfunike kwanza kabla ya kuitikia karibu. Nilimwogesha sehemu kwa sehemu chini ya kanga, kama tunavyofundisha kwa mgonjwa yeyote, ila kwa yeye nilitamka kila hatua kabla sijaigusa: sasa mkono, sasa mgongo, sasa nitakugeuza. Pampasi za watu wazima zilikuwa ghali kupita uwezo wetu, hivyo tulitumia vitambaa vya pamba nilivyovifua mwenyewe, kwa sababu hakutaka mtu mwingine avione.

Hospitali ndiko kulikokuwa kugumu. Mwezi wa Oktoba alipata maambukizi ya njia ya mkojo, homa ikapanda, nikampeleka katika hospitali ambayo sitaitaja. Kadi yake ya kliniki iliandikwa kwa jina lake la kiume, kwa hiyo alilazwa wodi ya wanaume, na kwa saa chache mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikabidi awekewe mrija wa mkojo. Muuguzi aliyefunua shuka alitoka bila kusema neno, akarudi na wenzake watatu. Walimtazama, wakatazamana, mmoja akacheka, mwingine akauliza kwa sauti iliyofika hadi kitanda cha mwisho kama huyu ni wa wodi hii au ya upande wa pili, na wa tatu akasema apelekwe Mirembe, akimaanisha kwamba ni mgonjwa wa akili. Wanaume waliolazwa waligeuka, na ndugu zao waliokuwa wameleta uji waligeuka pia. Babu alifumba macho na hakuyafumbua hadi jioni. Usiku ule alinishika mkono akaniambia turudi nyumbani, na kwamba hata akizidiwa nisimrudishe pale. Nilimsihi amalize sindano za siku tatu. Alizimaliza, kwa kuwa daktari wa zamu, kijana mtaratibu, aliagiza kitanda kihamishiwe chumba cha pembeni na akafanya kazi yake kimya. Miaka yote iliyofuata hakukubali tena kulazwa.

Kuhusu lile neno la Mirembe, ni vyema isemwe kwamba Shirika la Afya Duniani, katika toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, liliondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili. Babu alikuwa na akili timamu kuliko wengi wetu pale wodini. Alikuwa akikumbuka deni la kila mteja wake.

Baada ya tukio hilo nilianza kusoma usiku, kupitia simu, nikitaka kujua kama kuna wengine. Wapo. Nchini Marekani, watafiti wakiongozwa na Karen Fredriksen-Goldsen wa Chuo Kikuu cha Washington waliwahoji watu 2,560, mashoga, wasagaji, wanaopenda jinsia zote na transijenda, wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, wakiwemo 174 waliokuwa transijenda, na waliona kwamba hao 174 walikuwa na afya dhaifu zaidi, ulemavu zaidi, huzuni nzito zaidi na woga mkubwa zaidi wa kwenda kutafuta huduma. Nilipoufikia woga huo katika maelezo yao niliacha kusoma kwa muda. Katika jimbo la Georgia, mwanaume mmoja aitwaye Robert Eads, ambaye naye alizaliwa na mwili wa kike, alifariki mwezi wa Januari mwaka 1999 kwa saratani ya ovari baada ya madaktari wengi kukataa kumtibu. Na katika jimbo la Maine, mwaka 2021, mwanamke transijenda mwenye umri wa miaka 78 alikataliwa na makazi ya wazee kwa sababu angelala chumba kimoja na mwanamke mwingine. Alilalamika katika tume ya haki za binadamu ya jimbo, na mwaka uliofuata wamiliki wa makazi hayo walikubali kuweka utaratibu wa kuwapokea na kuwaheshimu watu kama yeye.

Hadithi iliyonigusa kuliko hizo ilitoka Ufilipino. Katika mji wa Pasay, mwaka 1975, mtu mmoja aitwaye Justo Justo aliifungua nyumba yake kwa wazee ambao familia ziliwafukuza kwa sababu za namna hii, wakaishi kwa pamoja na kujichangia kwa maonyesho ya jukwaani. Mwaka 2012 alifariki, nyumba ikafungwa, na wazee wakajikuta nje. Nilimhesabia Babu watu waliokuwa wakiijua siri yake na bado wanamjali, nikapata mmoja. Kama ningehamishwa, au kama ningepatwa na ajali ya bodaboda pale Nkuhungu, nani angefunga komeo lile?

India wana njia yao ya zamani. Katika jamii ya mahijra, watu ambao wengi wao walizaliwa na mwili wa kiume lakini huvaa na kuishi kike, mzee huitwa guru, na vijana aliowapokea walipofukuzwa kwao huitwa chela, na inategemewa kwamba chela atamtunza guru wake uzeeni kama mtoto anavyomtunza mzazi. Sidai kwamba utaratibu huo hauna kasoro, lakini umeliona tatizo. Uruguay ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya mwaka 2018 iliwapa malipo ya kila mwezi watu transijenda waliozaliwa kabla ya mwaka 1976 ambao waliteswa na vyombo vya dola, kwa kutambua kwamba waliumizwa ujanani na wamezeeka bila akiba.

Kwetu hali ni nyingine, na sitaifunika. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inaadhibu vikali tendo la ngono inayoitwa ya kinyume cha maumbile, hadi kifungo cha maisha. Haimtaji mtu aliyejifunga kitambaa kifuani akatengeneza baiskeli, lakini mtaani watu hawatenganishi mambo hayo, na neno moja la kashfa linatosha kumfanya mzee afukuzwe kwenye chumba alichopanga. Kitambulisho cha taifa kina sehemu ya jinsi. Babu hakwenda kujiandikisha, kwa hiyo hakuwa nacho, na mzee asiye na karatasi hupata shida kuthibitisha umri wake ili atibiwe bure. Jirani zetu Wakenya walikwisha kulifikisha jambo la karatasi mahakamani, pale Audrey Mbugua alipopata amri ya Mahakama Kuu mwaka 2014 kwamba cheti chake cha shule kibadilishwe jina na kuondolewa alama ya jinsi. Botswana nayo, mwaka 2017, mahakama iliiagiza serikali ibadili kitambulisho cha mwanaume transijenda.

Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo yake. Nakubaliana nayo kwa wazee walio wengi. Lakini mtu aliyelazimika kuiacha familia ili aweze kuishi, atatunzwa na nani? Makazi ya serikali yapo kwa wasio na ndugu, na Babu aliwahi kutajiwa yale ya Sukamahela kule Manyoni. Alitikisa kichwa. Alijua kwamba swali la kwanza litakuwa alale na akina nani. Wazee na jinsia wamo ndani ya wizara moja, ambayo ofisi zake ziko hapa hapa Dodoma, na natamani sana siku moja meza hizo mbili zizungumze juu ya mtu mmoja.

Jioni moja, akiwa amepata nafuu ya kuketi mlangoni, Babu alinisimulia jambo la utotoni. Mwaka mmoja ng'ombe walikufa kwa wingi, na wanawake wa kijiji wakavaa nguo za wanaume, wakachukua fimbo na silaha, wakatoka kuchunga na kucheza ngoma ili kuutupa mbali ule uchafu ulioiharibu nchi. Nimekuja kujua kwamba desturi hiyo ya Wagogo iliandikwa na mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyeishi Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa tiba ya nchi, haikuwa na uhusiano na watu kama Babu, na wanawake wale walirudi kuwa mama na bibi walivyokuwa. Yeye alikuwa mtoto, naye alivalishwa shati la kaka yake. "Jioni walipovua," akaniambia, "mimi nilikwenda kulala nalo."

Alifariki mwaka 2022, alfajiri, bila maumivu makubwa. Alikuwa ameniambia mapema anachotaka: wazee wa kanisa wasimwoshe, wala asivishwe gauni. Siku mbili kabla, kwa ruhusa yake, nilikuwa nimempigia simu mdogo wake wa kike, mtu ambaye hakuonana naye kwa miaka zaidi ya arobaini. Nilimweleza taratibu, nikijiandaa kukatiwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza basi la kwanza kutoka Mpwapwa linafika saa ngapi Dodoma.

Tulimwosha sisi wawili, komeo limefungwa, wanaume wakisubiri nje na jeneza. Mdogo wake alikuwa ameleta sabuni mpya na taulo. Alipoiona michubuko ya makwapani aliipitishia kitambaa polepole sana, kama mtu anayeogopa kuamsha, na hakuniuliza ilitokana na nini. Tulimvika suti ya kijivu niliyoinunua mtumbani Sabasaba, tukamfunga tai aliyokuwa akiivaa Krismasi. Katekista alipouliza marehemu na mama huyu wanahusianaje, ili amtaje kwenye ibada, alijibu kwamba ni ndugu yake wa tumbo moja, akaishia hapo.

Msalaba ulichongwa na mmoja wa vijana wale wawili wa ndoo ya maji. Juu yake liliandikwa jina ambalo mtaa mzima ulilijua, kwa rangi nyeusi, na mdogo wake ndiye aliyelishika kopo wakati kijana akiandika.